Mjadala: Binti wa chuo akibeba mkoba wa Louis Vuitton, tunamhukumu kwa lipi?

Mleta mada

Wakuu, habari zenu. Hoja hii nimekaa nayo moyoni miaka, na wiki iliyopita ndiyo iliyonisukuma kuiandika. Mnivumilie nikirefusha.

Nilipanda daladala pale Mwenge jioni, watu wamebanana hadi mlangoni. Kiti cha mbele yangu alikaa binti, kitambulisho cha chuo kinaning'inia shingoni, mapajani amepakata mkoba wa Louis Vuitton, ule wa kahawia wenye L na V zilizopandana na vimaua vyake. Aliposhuka, konda hata hajagonga bati, vijana wawili nyuma yangu wakaanza, nao ni wanafunzi. "Danga lake zito yule," yaani mwanamume anayemhonga. "Danga gani, boom yote imeishia begani pale." Mama mmoja aliyeshika bomba akacheka, akaongeza lake kuhusu watoto wanaosahau kwao. Hadi kituo kilichofuata binti alikwishakuwa hawara wa mume wa mtu, mlaji wa kodi zetu na mtoto asiye na shukrani. Hakuna aliyemjua hata jina.

Mimi nasema hatuna haki ya kumhukumu mtu namna hiyo, na niko tayari kubishana na yeyote hapa.

Nianze na hesabu, maana neno la boom ndilo linalorudiwa kuliko yote. Boom, yaani fedha ya chakula na malazi anayopewa mnufaika wa Bodi ya Mikopo, ilikuwa shilingi 8,500 kwa siku, ikapandishwa kuwa 10,000 mwaka 2022. Siku 60 ni laki sita. Mkoba kama ule, ukiununua kwa wenyewe kule Ulaya, unazidi milioni tatu. Hiyo ni boom ya siku 300, mtu hali, halipi kitanda, hapandi gari, na mwaka wa masomo wenyewe haufiki siku hizo. Anayesema boom imeishia begani ama hajui bei ya mkoba, ama hajawahi kuishi kwa boom.

Sasa mkoba umetoka wapi? Huenda ni kopi ya Kariakoo. Huenda ni mtumba. Huenda ni zawadi ya dada yake aliyeolewa mbali. Huenda kwao wana uwezo na wamemnunulia, nalo si kosa. Ukiwa umesimama nyuma yake kwenye foleni ya chakula huwezi kujua. Kwa kuwa hatujui, tunachagua hadithi kwa kumtazama aliyeubeba. Akishuka kwenye gari la baba yake, tunasema familia ya watu. Akishuka kwenye daladala na ndala zake, mkoba ule ule unakuwa ushahidi wa uzinzi. Umaskini wake ndio tunaouhukumu pale. Mkoba tumeusingizia tu.

Niwape kisa changu. Mwaka 2018 nilikuwa mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Dar. Sikupata kitanda bwenini, nikawa nabebwa. Mliopita vyuoni mnajua maana ya kubebana: kitanda cha futi mbili na nusu, mnalala wawili, mmoja kichwa huku mwingine kule. Aliyenibeba alikuwa binti wa Njombe, mpole, anasoma ualimu, na ndiye aliyekuwa na mkoba wa Louis Vuitton. Aliutundika kwenye msumari juu ya kitanda, akaufunika kwa kipande cha kitenge ili usishike vumbi.

Mkoba huo aliutoa Karume, kwenye mitumba, kwa shilingi elfu 18. Bei ilikuwa ndogo kwa sababu mshikio mmoja ulikuwa umeng'oka. Tulikwenda wote kwa fundi viatu aliyekuwa akikaa chini ya mwembe karibu na kituo cha daladala. Uzi wa kahawia ulikuwa umemwishia, akashona kwa mweupe. Usiku mwenzangu akachemsha majani ya chai, akawa anaupaka ule uzi kwa kijiti cha masikio, tone kwa tone, hadi rangi ikakaribiana na ya ngozi. Mimi ndiye niliyemshikia tochi ya simu. Hakujua hata kama mkoba ni orijino. Alichopenda ni kwamba daftari kubwa linaingia bila kukunjwa.

Maneno yalianza ndani ya wiki. Korido nzima ikajua ana mzee wa Masaki. Mhadhiri mmoja akasema mbele ya darasa kwamba wenye mikoba ya mamilioni wasije kumwambia hawana hela ya kutoa kopi, watu wakacheka, naye akatazama chini. Kisha mtu akapiga simu kwao. Sijui nani. Mama yake akampigia usiku. Hakumgombeza. Alimuuliza tu kama ni kweli, na nadhani hilo liliuma zaidi. Nililala naye kitanda kimoja usiku ule. Alijigeuza ukutani, akalia bila sauti, na kitanda kikawa kinatikisika. Nilijifanya nimelala.

Ikakaribia mitihani, akawa anadaiwa ada, laki tatu na ushee. Dada mmoja anayeuza mikoba Instagram aliuona ule mkoba, akaomba aushike. Akaugeuza, akaingiza mkono ndani, akapapasa mishono, akanusa ule mshikio. Akampa laki nne taslimu. Mwenzangu akalipa ada, akafanya mtihani, akarudi kubeba madaftari yake mkononi. Mnajua korido ilisema nini? Kwamba danga limemwacha, limemnyang'anya mkoba wake.

Ukweli niliujua mimi. Ningesema neno moja kwenye foleni ya maji lingetosha. Sikulisema, kwa kuogopa wasigeukie kwangu.

Jambo la mwisho, kisha nawaachia uwanja. Darasani kwetu alikuwapo pia binti aliyekuwa akibebea madaftari kwenye mfuko wa rambo, maana ilikuwa kabla ya Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku. Waliomcheka yule wa rambo ni wale wale waliomsema wa Louis Vuitton. Kwa hiyo msiniambie wanachotetea ni kiasi.

Karibuni.

Mwanafunzi, mwaka wa tatu

Dada, kisa chako kinasikitisha lakini kisa kimoja hakifuti tunachokiona kwa macho. Ijumaa jioni njoo usimame nje ya geti la hosteli yoyote hapa mjini uhesabu magari yenye vioo vyeusi. Udangaji upo. Mabinti wenyewe wanausimulia. Sasa ukituambia tusiseme, tutawasaidiaje wale wanaoingia mwaka wa kwanza wakidhani ndiyo njia?

Mleta mada

Mdogo wangu, magari yapo, nimeyaona mimi mwenyewe miaka mitatu. Lakini niulize kwa dhati: mle ndani ya gari kuna mwanamume wa miaka 50, ana mke, ana watoto sawa na huyo binti. Umewahi kusikia anasemwa kwa jina kwenye korido? Namba za gari lake kuna anayezikariri? Anayerudi Jumapili kwa miguu, akapita katikati ya macho ya watu, ni binti.

Na kama unataka kumsaidia wa mwaka wa kwanza, kaa naye umwambie mambo yalivyo. Kumsema mwingine akiwa hayupo hakujamfundisha mtu. Halafu fikiria: wale walioamua kudanga kweli, wengi hawabebi mkoba kabisa, wanapeleka hela nyumbani mdogo wao asome. Utawatambua kwa nini?

Muuza mikoba, Kariakoo

Asalaam aleikum. Nimesoma nikaona hapa nina la kusema, maana mikoba ndiyo inayonilisha mwaka wa 11 huu.

Kwanza mjue, ule mkoba wa kahawia mnaouita ngozi si ngozi. Ni turubai la pamba lililopakwa plastiki juu. Ngozi ni ya mshikio na ukingoni tu. Na ile ngozi ya mshikio wanaiacha bila rangi, kwa hiyo orijino mpya inakuwa nyeupe kama biskuti, kisha jua na jasho la mkono vinaifanya ibadilike polepole hadi inakuwa rangi ya asali iliyokolea. Kopi nyingi mshikio unabaki vile vile mwaka mzima, halafu siku moja unaanza kubanduka kama ganda la kitunguu. Yule dada wa Instagram aliyenusa mshikio alijua anachofanya. Ngozi ina harufu yake, plastiki ina yake.

Pili, zile herufi zilibuniwa mwaka 1896 na Georges, mtoto wa Louis Vuitton mwenyewe, baada ya mzee kufariki. Sababu ilikuwa ni kuwazuia watu waliokuwa wakiiga masanduku yao. Leo zile herufi ndizo zinazoigwa kuliko alama yoyote ninayoijua. Mzigo unatoka Guangzhou, mwingine unapitia Dubai, na una madaraja. Kuna wa elfu 25 unaomaliza mvua moja. Kuna wa elfu 60. Kuna wa laki na nusu ambao mimi mwenyewe, kwa umri wangu katika kazi hii, siwezi kuutambua hadi niushike na kuukunjua ndani. Nikiwa mita mbili sijui. Sasa huyo kijana wa daladala alijuaje?

Na wanunuzi wangu wakubwa hawakuwa wanafunzi. Walikuwa watumishi wa ofisini, wake za watu, akina mama wa vikoba wanapokuwa na sherehe. Mwanafunzi alikuja mara moja kwa mwaka, na mara nyingi walichanga wawili wapokezane. Nasema walikuwa kwa sababu biashara ya kopi nimeiacha. Tume ya Ushindani inapita, mzigo ukikamatwa unateketezwa, na kusema haki ni kosa kisheria tangu ile sheria ya alama za bidhaa ya 1963. Siku hizi nauza mikoba isiyo na jina la mtu. Mauzo yameshuka ila nalala usingizi.

Mleta mada

Kaka, wa aleikum salaam, na ahsante sana. Hilo la kuchanga wawili sikulijua. Limenigusa.

Mstaafu, Moshi

Mwanangu, nimekusoma hadi mwisho na uchungu wako nimeuona. Lakini uniruhusu nikupinge, maana naona mnazungumza habari za bei na habari za umbea, na la msingi mmeliruka.

Nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu pale Mlimani, Dar es Salaam, mwaka 1966. Serikali ilisema tukihitimu twende Jeshi la Kujenga Taifa, na kwa miezi 18 tukatwe asilimia 60 ya mshahara. Tukakataa. Oktoba 22 tukaandamana hadi Ikulu tumevaa majoho, tukidai tunaonewa. Mwalimu Nyerere akatusikiliza, kisha akatufukuza, karibu wanafunzi 400, kila mtu arudi kijijini kwao. Na siku ile ile akatangaza kukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.

Nilirudi nyumbani nikamkuta baba kwenye kihamba, shamba letu la nyumbani, anachuma kahawa. Hakuniuliza kwa nini nimefukuzwa. Aliniuliza, wenzako wote mtakula kiasi gani mkimaliza? Nikamtajia. Akahesabu kwa debe za kahawa, akanyamaza, akaendelea kuchuma. Sijapata kuona aibu kama ile tena.

Ninachotaka kusema ni kwamba mwanafunzi wa chuo anasomeshwa na watu ambao hawatafika chuo. Hata wa leo anayelipiwa ada na baba yake, majengo yale na walimu wale ni vya umma. Akipita kati ya wenzake na kitu cha milioni tatu begani, awe amekipata kwa halali au la, anawaambia wenzake jambo. Sisemi atukanwe. Nasema jamii inayo haki ya kumuuliza.

Mleta mada

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma habari ya baba yako na debe za kahawa mara tatu. Hoja yako ndiyo nzito kuliko zote zilizoletwa hapa, na sitaki kuijibu kwa haraka.

Nakubaliana nawe kwamba pengo kati ya mwenye nacho na asiye nacho vyuoni linauma na linastahili kuulizwa. Tofauti yangu nawe iko kwenye nani aulizwe kwanza. Mwaka 1966 Mwalimu alianza na mshahara wake, kisha wa viongozi. Alianza juu. Lakini mzee wangu, wewe ulikuwapo, kwa hiyo unaikumbuka pia Operesheni Vijana. Oktoba 1968 Vijana wa TANU, chama tawala cha wakati ule, walitangaza vita na sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na vipodozi vya kuchubua ngozi, ianze kutumika Januari 1969. Kabla hata ya tarehe kufika, wanaume pale Kariakoo walikwishaanza kuwavuta wasichana kwenye mabasi na kuwachania nguo. Sababu iliyotajwa ilikuwa nzuri: utamaduni, heshima, ujamaa. Waliochaniwa nguo walikuwa makarani na wahudumu waliokuwa wakitoka kazini. Waliokuwa na magari hawakupanda basi, hawakuguswa.

Ndicho ninachokiogopa. Swali lako la usawa ni la haki, ila likifika mtaani linamkuta binti aliye peke yake, kwa sababu ndiye rahisi kuulizwa. Watoto wa wakubwa wanaokuja chuoni na gari la milioni 80 wanapishwa njia. Hakuna anayewauliza waliwaambia nini wenzao.

Mstaafu, Moshi

Marahaba mwanangu. Naikumbuka. Nilikuwa nimeshaajiriwa. Mpiga taipu wa ofisi yetu, msichana wa Tanga, alifika siku moja amejifunga kanga aliyopewa na mama muuza maandazi pale stendi, kwa chini sketi haipo. Alikaa kwenye mashine yake akapiga barua za siku nzima. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza. Sikuwa nimemkumbuka miaka mingi.

Hoja yangu ya usawa nabaki nayo. Lakini hili la nani aulizwe kwanza, nakuachia.

Mzazi, Iringa

Mimi naandika kama mama. Nauza nyanya na vitunguu sokoni, baba yao hayupo. Binti yangu yuko mwaka wa kwanza. Mwezi wa pili aliniomba elfu 80, akasema ni kitabu cha sheria kinachotakiwa darasani. Nikakopa kwenye kikundi. Alipokuja likizo nikaona mkoba. Kitabu hakipo. Sasa nyie mnaosema tusihukumu, mimi nifanye nini? Nipige makofi? Ile riba nimeilipa kwa nyanya.

Mleta mada

Mama yangu, shikamoo, na pole sana. Alikukosea na uongo ni uongo, siutetei hata kidogo. Elfu 80 ya mkopo wa kikundi najua uzito wake, nami nimelelewa kwa biashara ya mezani.

Naomba nikuambie tu nilichokiona bwenini. Mtoto anayetoka kwa watu wa kawaida akifika chuo, wiki mbili za kwanza anapimwa kuanzia viatu hadi simu. Hawamwambii usoni. Wanaacha kumwita wanapokwenda kula. Kwenye kazi za kikundi anakuwa wa mwisho kuchaguliwa. Akili yake changa inamwambia kuna kitu kimoja akikipata yataisha, na kila siku anakiona kwenye mabega ya waliochaguliwa. Ukikaa naye, kabla ya habari ya mkoba muulize nani alimcheka na alimcheka kwa nini. Nadhani utasikia mambo ambayo hajamwambia mtu.

Deni alilipe. Akifanya kazi ndogo ndogo likizo akarudisha hata nusu, itamkaa zaidi ya maneno.

Mzazi, Iringa

Nitamuuliza. Yuko jikoni hapa.

Fundi simu, Mbeya

Mimi ni mwanamume na nimemaliza chuo juzi juzi. Dada amegusia vijana kidogo tu, mimi niseme wazi. Chumbani kwetu tulikuwa wanne. Mmoja alikuwa na raba za laki mbili na nusu na iPhone aliyoinunua kwa hela za betting. Mwingine alitumia ada ya muhula mzima kununua simu, akadisko, yaani akaondolewa chuoni. Hakuna aliyesema wana danga. Tulisema wanajiongeza. Tulimwita yule wa simu "bosi" hadi siku anafungasha begi kurudi kwao. Sisi tungemhukumu mapema huenda angesoma hadi mwisho, lakini kwa mwanamume kitu cha gharama ni sifa.

Kwa hiyo nipo tofauti kidogo na mleta mada. Kuulizana kuwepo, ila tuulizane sote, na tuulizane usoni kama marafiki.

Mleta mada

Kaka, hapo hatutofautiani. Kumvuta mwenzako pembeni ukamwambia "hii hela umetoa wapi, usije ukadisko" ni urafiki. Ningetamani yupo mtu aliyemfanyia hivyo yule bosi wenu. Ninachokipinga ni ile hukumu inayotolewa mhusika akiwa ameshashuka kwenye gari.

Mwanafunzi, mwaka wa tatu

Narudi tena. La muuza mikoba kwamba hata yeye hajui akiwa mita mbili limenikaa. Bado naamini udangaji ni tatizo na lazima lisemwe. Lakini nakiri wiki hii hii nimemsema mtu kwa mkoba, na sijui alikoutoa. Basi.

Mwanafunzi, mwaka wa kwanza

Asalaam aleikum dada yangu, na nyote. Mie natokea Pemba, nimeanza chuo hapa Dar mwezi wa kumi na moja. Nina jambo dogo. Shangazi yangu yupo Muscat, ameolewa huko miaka mingi. Nilipofaulu alinitumia mkoba kwa mtu aliyekuja likizo. Ni Gucci, na shangazi haongopi, risiti imo ndani. Umekaa chini ya godoro tangu siku niliyofika. Sijawahi kuutoa. Kila nikitaka kuubeba nawasikia wanavyosemwa wengine hapa chumbani, narejesha. Shangazi kila akipiga simu ananiuliza, mwanangu unautumia? Nami namwambia naam, nautumia. Naona vibaya kumuongopea. Nifanyeje?

Mleta mada

Wa aleikum salaam mdogo wangu. Umenirudisha mbali.

Utoe chini ya godoro leo, maana joto la Dar na unyevu wa chini ya godoro vitauharibu, utaota ukungu. Ufute kwa kitambaa kikavu, usiuweke juani. Kaka wa Kariakoo atanisahihisha nikikosea. Ndani ujaze magazeti usipoteze umbo.

Kama chumbani kuna mwenzako hata mmoja unayemwamini, mwambie habari ya shangazi leo usiku, mapema, kabla hujaubeba. Usimwambie kwa kujitetea, mwambie kama unavyosimulia habari za kwenu. Maneno yakianza atakuwepo mmoja anayejua. Mwenzangu alikuwa na mmoja anayejua, akanyamaza. Wako mwombe asinyamaze.

Na ukipanda daladala uuweke mbele tumboni, mkono juu ya zipu, hasa pale Ubungo jioni wakati wa kugombania mlango. Wana nyembe.

Muuza mikoba, Kariakoo

Magazeti yanaachia wino. Atumie karatasi nyeupe au fulana ya zamani.